Magoti ya Mama

Mimi nimelelewa kwa magoti. Nilipiga magoti kumsalimia baba asubuhi, nilipiga magoti kuwanawisha wageni mikono, nilipiga magoti mbele ya wajomba na mashangazi, mbele ya bwana shamba aliyekuja kukagua mabani ya kukaushia tumbaku, na siku moja mbele ya fundi baiskeli niliyemdhania kuwa ndugu yetu wa Mishamo. Kwetu Katumba, binti anayesalimia wakubwa akiwa wima huulizwa kama kwao hakuna watu. Basi nilipofikia umri wa kusikiliza mahubiri, nikaambiwa kwamba kupiga magoti ni ibada na ibada ni ya Mungu peke yake, niliogopa sana. Kwa hesabu yangu nilikuwa nimekwisha kuabudu nusu ya kijiji.

Mchungaji wetu alinitoa wasiwasi. Alisema kumpigia mtu magoti ni adabu, kuipigia sanamu ndiyo dhambi, na tofauti iko moyoni. Nikamuuliza mioyo ya Wakatoliki yeye huionaje. Alimwambia baba kwamba mtoto huyu apelekwe shule. Nilipelekwa, ndiyo maana leo nafundisha shule ya msingi mjini Mpanda, ila swali lile halijajibiwa.

Baba yangu ni mzee wa kanisa, moja ya makanisa ya wokovu. Kwetu yako mengi kiasi kwamba ukitoka nyumbani kwenda mashine ya kusaga unaweza kuokoka mara tatu kabla debe halijashuka kichwani. Mama yeye alizaliwa Mkatoliki, akaolewa na kuokoka katika wiki moja, na kwa miaka mingi alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Lakini bibi, mama yake mzazi, alibaki na rozari yake. Babu alipofariki, baba alimjengea bibi nyumba ya vyumba viwili ndani ya uwanja wetu, kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe. Nasema hili ili asije mtu akadhani baba ni mtu mbaya. Kwa mkwewe alikuwa mkwe wa kutajwa. Ila hakuwahi kuingia sebuleni mwa bibi, kwa sababu ukutani palikuwa na picha ya Mama Maria, naye alisema hawezi kukaa chini ya picha ya mtu.

Sebuleni kwetu alikaa chini ya kalenda ya Mtume. Mtume huyu, mkuu wa kanisa letu, anaishi mjini mbali, ni mdogo kwa baba kwa miaka kumi na zaidi, na baba humwita Baba. Kwenye kalenda alivaa suti nyeupe, mkono mmoja juu, mkewe kando akitabasamu. Kalenda yenyewe ilikuwa ya miaka miwili nyuma. Niliwahi kushauri iondolewe kwa kuwa tarehe zake zilikuwa zinatukosesha vikao, nikaambiwa ile si kalenda, ni upako. Chini yake, juu ya stuli, ilikaa chupa ya mafuta yaliyoombewa, na hakuna aliyeruhusiwa kuisogeza akifagia.

Bibi kwa upande wake kila jioni alikaa kwenye mkeka chini ya Mama Maria, akamsimulia kwa Kirundi mambo ya siku nzima: goti linalouma, mbuzi wa jirani aliyekula mihogo, mkwe mwema asiyeingia ndani. Ukimsikiliza ungedhani yuko kwa mtendaji wa kata, isipokuwa hapa hakuambiwa arudi Jumatatu. Nilijiona nina akili kuliko wote wawili, ugonjwa unaowapata sana walimu.

Katekista wa kigango cha karibu alipita njia yetu kwa baiskeli, na baba akimwona tu swali lilikuwa tayari. Katekista alisema wao hawamwabudu Mama Maria, wanamheshimu, kama yeye baba anavyomheshimu mama yake. Baba alisema mama yake ana uhai. Katekista alisema na huyu anao. Hata zile amri kumi walizihesabu tofauti, ya pili ya baba haikuwa ya pili ya katekista, na kila mmoja alikuwa na kumi kamili. Waliachana kila mtu akiwa ameshinda, katekista akiwa na mihogo aliyopewa na baba nyuma ya baiskeli, maana baba hawezi kumruhusu mtu aende motoni akiwa na njaa.

Ikifika mwezi wa kumi, mwezi wa rozari, sanamu ya Mama Maria hutoka kigangoni ikatembelea nyumba za jumuiya, kila nyumba siku moja. Sanamu yenyewe haizidi urefu wa mtoto wa miaka miwili. Ncha ya pua ilibanduka zamani, mtu mwenye nia njema akaiziba kwa rangi iliyobaki ya madirisha ya shule. Sijaona ugomvi wa Kikristo mtamu kama ule wa orodha ya nyumba. Akina mama waligombania nani ashike mwavuli. Mzee mmoja ambaye hakuwa akisemeshana na ndugu yake kwa ajili ya mpaka wa shamba aliibeba sanamu akaipitisha mbele ya nyumba ya ndugu yake bila kusimama, na jumuiya nzima ikamsifu kwa ibada yake. Uwanja wetu ulirukwa kila mwaka. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa akituzunguka kama dereva anavyokwepa shimo.

Mwaka juzi bibi alimwendea baba mwenyewe. Alimsubiri atoke shambani, akamwambia kwamba anaomba Mama Maria aje kwake siku moja tu, kwa sababu mwaka ujao hana uhakika nao. Baba alifikiri siku tatu. Mwishowe alikubali kwa masharti: isiingie nyumba kubwa, ngoma zisipigwe, na yeye siku hiyo atakuwa na safari ya Sitalike. Bibi alifurahi hata akasahau goti.

Ikatokea kwamba Jumapili iliyofuata siku hiyo ya bibi, Mtume alikuwa anakuja. Angefanya mkutano wa siku kadhaa Mpanda mjini, kisha angefika kanisani kwetu, na baada ya ibada angekula nyumbani kwetu. Heshima hiyo baba aliipigania mwaka mzima. Alipaka nyumba rangi mpaka rangi ikaisha nusu ya ukuta wa nyuma, akasema Mtume hatazunguka nyuma. Aliweka mlango wa chooni uliokuwa haujawahi kuwepo tangu tuzaliwe. Mama alimtenga jogoo mmoja akawa anamlisha mahindi ya kuchagua, na sisi tukakatazwa kumfukuza.

Siku ya bibi mimi sikuwepo, nilikuwa darasani, lakini nimesimuliwa na watu wengi kiasi kwamba naiona. Jumuiya ilifika saa kumi jioni ikiimba kwa sauti ya chini kwa ajili ya masharti ya baba. Kwenye kona ya uwanja bibi alisema kuanzia hapo yeye mwenyewe atambeba Mama Maria mpaka mlangoni. Walimkatalia, akawazidi. Mama alikuwa kwenye mlango wa jiko akichagua mchele wa Mtume. Akamwona mama yake anayumba, sanamu inalala upande. Alitupa ungo akakimbia, na alipomfikia akapiga magoti, akanyoosha mikono yote miwili, akapokea.

Hapo nieleze. Kwetu mwanamke hapokei kitu mkononi mwa mama yake akiwa wima, hata kama ni kijiko cha chumvi. Bibi angekuwa amebeba gunia la karanga, mama angepiga magoti vilevile. Aliinuka, akaingiza sanamu ndani, akaiweka mezani, akarudi kuokota mchele uliomwagika. Hata uji usingechemka kwa muda huo.

Lakini jirani yetu, mwimbaji wa kwaya ya kanisa letu, alikuwa upande wa pili wa ua wa minyaa na simu yake. Picha aliyopiga ilikuwa safi, lazima nikiri. Mwavuli ulikuwa umemfunika bibi wote. Kilichoonekana ni Mama Maria na joho lake la buluu, na mbele yake mwenyekiti wa akina mama wa kanisa la wokovu, yuko magotini, mikono imenyooshwa, uso umejaa huruma. Huruma ilikuwa ya mtoto anayeogopa mama yake asianguke, ila picha haisemi.

Ikawekwa kwenye kundi la kanisa la WhatsApp. Mimi niliipata Mpanda kutoka kwa mwalimu mwenzangu anayesali sehemu nyingine kabisa, ikiwa na alama saba za machozi. Baba aliikuta Sitalike, kwenye simu ya mtu aliyekuwa akimuuzia dagaa.

Wazee wa kanisa walikaa. Baba alikaa nao kama mzee, na pia kama mume wa mshitakiwa, na alivyoniambia baadaye hakujua ashike sura gani. Alieleza habari ya bibi na desturi ya kupokea. Wote waliijua, wake zao wanapokea hivyo hivyo. Mzee mmoja akauliza kama kuna shahidi aliyemwona bibi nyuma ya mwavuli. Baba akasema wapo, jumuiya nzima. Akajibiwa kwamba hao ni Wakatoliki, na katika shauri la sanamu Mkatoliki hawezi kutoa ushahidi. Uamuzi ukatoka: mama atubu hadharani Jumapili, mbele ya Mtume, akiwa amepiga magoti, akiri kwamba aliabudu sanamu. Asipotubu, Mtume hataweza kula katika nyumba yenye madhabahu mbili.

Niliitwa, nikafika nyumbani Jumamosi. Baba alinipokea kama mtu anayepokea daktari. Alinivuta pembeni akaniambia niandike maneno ya toba, mafupi, ya kueleweka, ili mama ayasome tu yaishe. Kwake lilikuwa jambo la dakika mbili. Nikaandika. Sitajitetea: niliandika kwa raha. Niliweka utangulizi, nikaweka kiini, nikaweka hitimisho, nikatafuta neno zuri la kusemea "kuangukia sanamu" nikalipata. Nilimsomea mama jikoni, naye akisikiliza huku anamnyonyoa yule jogoo kwa maji ya moto.

Nilipomaliza aliniuliza, "Mama yangu umemwandika wapi?"

Nikasema si lazima atajwe, itachanganya watu. Akaendelea kunyonyoa. Kisha akasema kwamba akisoma maneno yale atakuwa amesema mbele ya watu wote kwamba kumpokea mama yake mzigo ni dhambi, na kwamba mama yake ni mwabudu sanamu, na kesho yake itabidi ampelekee chakula. Hatua ishirini kutoka jiko mpaka mlango wa bibi, alisema, sijui nitazitembeaje. Mimi nikamwambia kwamba Mungu anajua moyo wake. Nilisema hivyo, mimi niliyewahi kumsumbua mchungaji kwa swali la mioyo.

Bibi alikuwa amesikia kila kitu, uwanja wetu hauna siri. Alikuja na fimbo yake, akakaa kwenye kigoda kando ya mwanawe, akasema taratibu kuliko nilivyowahi kumsikia.

"Piga tu magoti, mwanangu, usivunje nyumba yako kwa ajili yangu. Mwaka tuliokimbia Burundi mimi niliwapigia magoti askari njiani, nikiwaomba wamwache kaka yangu. Hawakunisikia. Lakini na mimi sikuwaabudu."

Nilikuwa sijawahi kujua kwamba bibi alikuwa na kaka. Mama naye, nilivyoona usoni, hakujua. Alimshika bibi mkono kwa mkono wake uliojaa manyoya, na wakakaa hivyo. Nililia, nikaenda kulilia nyuma ya nyumba, kwenye ukuta usio na rangi. Na bado ile barua ya toba sikuichana.

Jumapili Mtume alifika saa tano, ibada ikiwa imeanza saa tatu. Akina mama walitandika vitenge kuanzia mlango wa gari mpaka mlango wa kanisa ili asikanyage vumbi letu, na walisukumana kidogo kwa sababu kila mmoja alitaka chake kikanyagwe na mguu wa kulia. Walioikosa njia walivipeleka baadaye viguswe. Mtume aliketi kwenye kiti kilichochongwa vichwa vya simba, kilichotengenezwa kwa mchango, kikawekwa katikati kabisa mbele, mgongo kwenye mimbari na uso kwetu. Watu walipanga mstari. Walipiga magoti mmoja mmoja mbele ya kiti, akawagusa kichwani kwa kitambaa chake, na kila aliyeguswa aliondoka bila kumpa mgongo. Mchungaji alisema kwenye kipaza sauti kwamba tunaheshimu tu neema iliyo ndani ya mtumishi. Ningeapa nimemsikia katekista.

Kisha mama akaitwa. Aliinuka kwenye benchi, barua yangu mkononi, kitenge chake kipya cha kumpokelea Mtume kikiwa bado na gundi ya dukani. Kinanda kikawa kinapigwa polepole, namna kinavyopigwa watu wakitakiwa kulia. Yule jirani wa kwaya alishika simu tayari. Baba alikuwa kwenye viti vya wazee, anatazama viatu vyake.

Mama alipewa kipaza sauti. Hakuifungua barua. Alisema kwamba siku ile alipokea mzigo mkononi mwa mama yake, kwamba mama yake ni mzee na alikuwa karibu kuanguka, na kwamba kama kuna mtu aliyekwazika kwa kuona vibaya, anamwomba radhi. Watu wakaguna, wengine kwa kuridhika. Mchungaji akasema vema, sasa piga magoti, mama, tukuombee.

Mama alibaki wima. Aliuliza kwa sauti yake ya kawaida, ile anayouliza bei ya nyanya.

"Nikipiga magoti hapa nitakuwa nimempigia nani?"

Mchungaji akacheka kidogo, akasema unampigia Mungu, mama, nani mwingine.

Mama akatazama mbele. Akatazama kiti, vichwa vya simba, viatu vya Mtume ambavyo kweli havikuwa na vumbi.

"Basi naomba mtumishi asogee kidogo," akasema, "maana amekaa katikati."

Mpiga kinanda alipotea njia. Mtume alitabasamu kwanza, kama mtu aliyeambiwa utani kwa lugha asiyoijua vizuri, kisha akatazama saa. Hakusogea. Mama alisubiri. Alisubiri kweli, bila kiburi, kama anavyosubiri zamu yake bombani, na nina hakika kile kiti kingesogezwa hata hatua moja angepiga magoti saa ile ile na mambo yangekwisha. Hakuna aliyekigusa. Mwishowe akamrudishia mchungaji kipaza sauti kwa mikono miwili, akarudi, akanipita nilipokuwa nimemwekea nafasi, akaenda kukaa benchi la nyuma na wanawake wenye watoto wachanga.

Mtume alikula kwa yule jirani wa kwaya. Jogoo tulimla wenyewe, na bibi peke yake ndiye aliyeomba mchuzi zaidi.

Wazee walikaa tena wiki iliyofuata, safari hii bila baba. Waliandika barua, wakaigonga muhuri, wakampa baba ampelekee mkewe. Mimi nilikuwa nimerudi tena nyumbani, safari hiyo bila kuitwa. Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Akaniambia nisome, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kazi ya barua katika nyumba ile, na nilistahili kuambiwa hivyo.

Nikasoma. Mama alikuwa ametengwa na meza ya Bwana kwa miezi sita na kuvuliwa uenyekiti wa akina mama, kwa kosa la kukataa kumpigia magoti mtumishi wa Mungu. Akaniambia nirudie kusoma kosa. Nikarudia.

"Sanamu hawakuiandika?"

"Hawakuiandika, mama."

Alitikisa kichwa, akampa baba ile karatasi, akaendelea na mahindi yake. Baba aliisoma mwenyewe akiwa amesimama, midomo ikicheza. Alipofika kwenye kosa akarudi mwanzo, akaanza upya.